R-12, R-134a na sheria: gesi ipi bado inaruhusiwa kwenye AC ya gari la zamani?

Neno "marufuku" limewapotosha wenye magari ya zamani kuliko kompresa mbovu. Muulize fundi wa AC kuhusu R-12, ile gesi ambayo wengi bado wanaiita friyoni, na mara nyingi atakujibu kwa mkato: imepigwa marufuku. Ni kweli, lakini ni ukweli uliokatwa katikati. Marufuku kufanya nini? Kuitengeneza? Kuiingiza nchini? Kuiuza? Kuijaza kwenye gari? Kuwa na mtungi wake stoo? Kuiachia ipotelee hewani? Hayo ni matendo sita, na sheria inalitazama kila moja kivyake. Anayeyachanganya huishia kulitelekeza gari ambalo AC yake ingepona, au hununua kwa pesa nyingi mtungi asioujua una nini ndani. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi, na nitaeleza kwa nini.

R-12 ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, mikononi mwa Thomas Midgley na wenzake waliokuwa wakitafuta gesi salama ya friji. Friji za wakati huo zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili. Bomba likivuja usiku, waliolala ndani walikuwa hatarini. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi yake mpya hadi mapafuni, kisha akaipuliza juu ya mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika. Haikumdhuru, na haikushika moto. Magari yalipoanza kuuzwa na AC, Packard ikitangulia kwa toleo lake la 1940, gesi iliyotumika ilikuwa hiyo, na ikaendelea kutumika kwa nusu karne. (Kumbuka ile kloridi ya methili. Tutakutana nayo tena.)

Kilichoiponza R-12 ni sifa ile ile iliyoipendekeza: haivunjiki kirahisi. Ikivuja hukaa angani takriban miaka 100, ikipanda taratibu hadi kwenye stratosfera, na huko mionzi mikali ya jua huipasua na kuachia klorini. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini hiyo huiharibu ozoni, na kwamba atomu moja haimalizi kazi kwa molekuli moja bali hurudia na kurudia maelfu ya mara. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal, makubaliano ya nchi ya kuilinda ozoni, ikasainiwa.

Itifaki inasema nini hasa

Hapa ndipo lilipo fundo. Itifaki ya Montreal haikumkataza mwenye gari kutumia R-12. Haizungumzi naye kabisa. Inazungumza na nchi, na inazibana katika mambo mawili: uzalishaji na "matumizi". Neno hilo la pili ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu ndani ya Itifaki halina maana yake ya kila siku. Matumizi ya nchi ni hesabu: chukua kilichozalishwa, jumlisha kilichoingizwa, toa kilichouzwa nje. Nchi isiyozalisha wala kuingiza R-12 mpya imefikia sifuri, hata kama barabarani kuna magari laki moja yanayotembea na gesi hiyo tumboni. Isitoshe, nchi wanachama zilikubaliana kwamba gesi iliyokwisha kutumika, ikavutwa na kusafishwa upya, haiingii katika hesabu hiyo.

Nchi zilizoendelea zilitakiwa kufikia sifuri tarehe 1 Januari 1996, na nchi zinazoendelea tarehe 1 Januari 2010. Yaliachwa matumizi machache ya lazima, kama dawa za pumu za kupuliza, lakini AC ya gari haikuwa mojawapo. Kwa hiyo R-12 yoyote halali unayoiona leo ni ya zamani: ilitengenezwa kabla ya tarehe hizo ikahifadhiwa, au ilivutwa kutoka kwenye mtambo wa zamani ikasafishwa. Akija mtu na kukuambia ana R-12 "mpya kabisa kutoka kiwandani", ama hajui anachokisema, ama amekuletea magendo.

Juu ya Itifaki kila nchi imejenga sheria zake, na hapo ndipo majibu yanapogongana. Marekani inaruhusu R-12 ya akiba na iliyosafishwa upya kuuzwa na kujazwa kwenye gari, ila mnunuzi lazima awe na cheti cha ufundi wa AC za magari kinachotajwa katika kifungu cha 609 cha Sheria ya Hewa Safi. Kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa huko tangu Julai 1992. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu 2001 hairuhusiwi kuijaza R-12 katika matengenezo, hata ile iliyosafishwa. Basi chukua mtungi mmoja, gari moja na fundi mmoja. Upande mmoja wa Atlantiki anafanya kazi halali, upande wa pili anavunja sheria, na wote wawili wamo ndani ya Itifaki ile ile.

Nchi nyingine zimejipanga mahali fulani kati ya misimamo hiyo miwili, na kwa sababu ya marekebisho ya Itifaki ya mwaka 1997, karibu kila nchi ina utaratibu wa leseni kwa anayetaka kuingiza au kutoa gesi hizi, hata zilizokwisha kutumika. Ukibeba mtungi mmoja kwenye buti ukavuka nao mpaka bila kibali, mzigo wako unahesabika kuwa magendo. Kwa hiyo swali la kuipelekea mamlaka ya mazingira ya nchi yako lisiwe "je, R-12 imepigwa marufuku?" Uliza hivi: je, kujaza R-12 iliyosafishwa upya kunaruhusiwa, anaruhusiwa nani kuiuza, na anaruhusiwa nani kuishika? Ukiuliza hivyo utapata majibu unayoweza kuyafanyia kazi.

Inapatikana, lakini wapi na ikoje

Akiba ya kitu kisichotengenezwa tena inaelekea upande mmoja tu. Kila mwaka magari yanayohitaji R-12 hupungua, na mitungi hupungua pia, na bei haishikiki. Mahali penye pengo kama hilo magendo hayachelewi. Katikati ya miaka ya 1990 maofisa wa forodha wa Miami walikuwa wakikimbizana na shehena za R-12 kama wanavyokimbizana na dawa za kulevya. Mbinu moja ilikuwa kuiandika gesi mpya kuwa ni iliyosafishwa upya, ili ipite katika ule mlango ambao Itifaki iliuacha wazi.

Magendo angalau ni R-12 yenyewe. Feki ni habari nyingine. Mwaka 2011 makontena ya majokofu ya kusafirisha vyakula kwa meli yalianza kulipuka yakiwa yanafanyiwa matengenezo, na wafanyakazi watatu wakapoteza maisha. Uchunguzi ulikuta kwamba gesi iliyokuwa imejazwa kama R-134a, ile iliyoirithi nafasi ya R-12, ilikuwa imechanganywa na R-40. Na R-40 ni nani? Ni ile kloridi ya methili ya friji za miaka ya 1920, imerudi kwa jina la namba. Ina sumu na inawaka, lakini baya zaidi ni hili: ikikutana na alumini hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe mara tu inapoguswa na hewa. Sasa fikiria AC ya gari. Kondensa, inayotupa joto nje, ni alumini; evapareta, inayopoza hewa ya ndani, mara nyingi ni alumini; na mwili wa kompresa, pampu inayoisukuma gesi, nao hivyo hivyo. Fundi asiye na habari analegeza nati moja, hewa inaingia, basi.

Anayedhani geji ya presha itamwokoa atazame namba hizi. Weka mtungi wa R-12 na mtungi wa R-134a kwenye chumba chenye nyuzijoto 25, viache vitulie, kisha funga geji. Wa R-12 utasoma karibu bar 5.5. Wa R-134a utasoma karibu bar 5.6. Sindano ya geji ya kawaida haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika, na mtengeneza feki anaijua hesabu hii vizuri: R-40 ina presha ndogo, R-22 (gesi ya AC za majengo) ina presha kubwa, akizichanganya kwa kipimo anapata presha ya R-134a. Rangi ya mtungi nayo haithibitishi kitu. Kwa desturi R-12 ilikaa kwenye mtungi mweupe na R-134a kwenye wa samawati hafifu, lakini rangi ni rangi, yeyote anaweza kupaka. Kinachosaidia ni mashine ya kuchambua gesi, inayovuta kiasi kidogo na kutoa asilimia ya kila kilichomo, ingawa si mashine zote, hasa za zamani, zinazoitambua R-40. Karakana isiyo na mashine hiyo, na isiyoweza kukuonyesha risiti ya mahali iliponunua mtungi, mimi singeiachia gari langu.

Kuhama kutoka R-12 kwenda R-134a

Kwa wenye magari wengi jibu la kweli ni kuhama. R-134a haina klorini, haigusi ozoni, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyowekwa kwenye magari mapya. Kuhama kunaruhusiwa mahali pengi. Tatizo ni jinsi kunavyofanywa: gesi ya zamani inaachiwa hewani, mpya inajazwa juu yake, mteja anaondoka na baridi kwa wiki chache, kisha kompresa inajifunga.

Kinachoua kompresa ni mafuta. Kompresa haina tanki lake la mafuta kama injini. Mafuta husafiri na gesi, huzunguka mfumo mzima na kurudi. R-12 ilisafiri na mafuta ya madini, kwa sababu hivyo viwili huyeyukiana. R-134a haiyataki. Ukiiona R-134a ya majimaji na mafuta ya madini ndani ya chupa ya kioo inayostahimili presha, utaona mstari kati yao: mafuta yanaelea juu peke yake kama yanavyoelea juu ya maji, tikisa utakavyo yatajitenga tena. Ndani ya gari maana yake ni kwamba gesi inaendelea na safari na mafuta yanabaki yamelala kwenye evapareta. Kompresa inazunguka kavu. Ukiifungua baadaye unakuta pistoni zimekwaruzika na ute mweusi uliojaa vumbi la chuma, na vumbi hilo limeshasambaa hadi kwenye kondensa.

Ndiyo maana kazi ya kweli huanza kwa kuivuta R-12 yote na kuiweka kwenye mtungi wake, kisha kompresa inashushwa na mafuta ya zamani yanamwagwa kadiri inavyowezekana. Yanawekwa mafuta ya sintetiki, ya aina ya PAG au ya esta. PAG ndiyo yanayopendwa na watengenezaji wengi wa kompresa, lakini hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi, chupa ikiachwa wazi imeharibika. Esta huvumilia zaidi mabaki ya mafuta ya madini, na kwa gari linalohama mimi naona ni chaguo lenye busara, isipokuwa mtengenezaji wa kompresa amesema vingine. Draya lazima ibadilishwe, kwa sababu chembe za kunyonya unyevu zilizokuwa zikifaa kwa R-12 hazikuundwa kwa gesi hii mpya. Oringi za viungo vilivyofunguliwa zibadilishwe pia.

Mipira ya zamani huwatia watu hofu, kwa kuwa molekuli ya R-134a ni ndogo na hupenya polepole. Ila mpira uliolowa mafuta ya madini kwa miaka mingi mara nyingi hushikilia vizuri kuliko unavyodhania. Kama hauna nyufa wala hauvuji kwenye viungo vyake, si lazima kuutupa.

Kisha pampu ya vakyumu ifanye kazi yake bila kuharakishwa, na gesi ijazwe kwa mizani. Usijaze uzito ule ule ulioandikwa kwa R-12. Kwa kawaida inatosha kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito huo. Ukizidisha, presha ya upande wa juu inapanda na baridi inapungua. Hata ukijaza vizuri, kwenye joto kali gesi mpya ina presha kubwa zaidi: kondensa ikiwa na nyuzijoto 60, R-12 ingekuwa na karibu bar 14 na R-134a inakaribia bar 16. Kondensa iliyopimwa kwa ajili ya R-12 italemewa gari likiwa limesimama kwenye foleni. Ukiona baridi inarudi gari likitembea na kutoweka likisimama, usikimbilie kuongeza gesi. Tazama feni kwanza, na uchafu uliojikusanya kati ya mapezi ya kondensa.

Mwisho, valvu za kujazia hubadilishwa. Za R-12 ni za kufunga kwa nyuzi, za R-134a ni za kubana kwa haraka, ya upande wa chini ina kipenyo cha milimita 13 na ya juu milimita 16. Tofauti hiyo iliwekwa makusudi ili mtu asikosee. Chini ya boneti hubandikwa lebo mpya yenye jina la gesi, uzito wake, aina ya mafuta na tarehe. Nimeona watu wakiidharau lebo hiyo. Fundi atakayelishika gari hilo miaka mitano baadaye hana njia nyingine ya kujua kilichofanyika.

Njia za mkato

Propani na isobutani hupoza vizuri mno, na zinapatana na mafuta ya madini, hivyo wauzaji huzitangaza kama mbadala wa R-12 usiohitaji kubadilisha chochote. Shida ni moto. Friji ya nyumbani hutumia isobutani bila wasiwasi mkubwa kwa sababu ina gramu chache, kwa kawaida chini ya 150, ndani ya mabomba yaliyochomelewa yasiyotikisika. Gari lina gesi nyingi zaidi, viungo vya kufungua na kufunga, mtetemo kutwa nzima, kondensa inayotangulia kugongwa kwenye ajali, na evapareta iliyo nyuma ya dashibodi, yaani ndani ya chumba mnachopumulia. Marekani inakataza kubadilisha R-12 ya gari kwa hidrokaboni zinazowaka, na sheria ya kwenu hata kama iko kimya, sababu hizo hazibadiliki. Gesi ya kupikia ni mbaya zaidi, kwa kuwa haikukaushwa wala kusafishwa kwa kazi hii.

R-22 ya AC za majengo isiguswe kabisa. Kwenye nyuzijoto 60 inapita bar 23, na mipira ya gari ya zamani haikutengenezwa kwa mzigo huo. Nayo yenyewe inaondoka: Itifaki inazitaka nchi zinazoendelea kuikomesha ifikapo 2030, zikibakiza kiasi kidogo tu cha matengenezo.

R-134a nayo inazeeka

Wenye magari ya miaka ya 2000 wameanza kusikia maneno yale yale waliyosikia wenye R-12, na hapa napenda neno litumike kwa makini. R-134a haiharibu ozoni, ila kilo moja yake hunasa joto kama kilo 1,400 hivi za kabonidioksidi. Umoja wa Ulaya, kwa maagizo yake ya 2006, uliweka kikomo cha 150 kwa kipimo hicho hicho: kwa aina mpya za magari kuanzia 2011, na kwa kila gari jipya kuanzia Januari 2017. Marekani imefuata kwa magari madogo ya toleo la 2025. Nafasi hiyo imechukuliwa na R-1234yf, ambayo huvunjika angani ndani ya siku chache, na baadhi ya magari yamewekewa kabonidioksidi yenyewe.

Sheria hizo zinahusu magari mapya. Gari lililotoka kiwandani na R-134a linaendelea kujazwa R-134a kihalali. Na Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yaliyokubaliwa Rwanda tarehe 15 Oktoba 2016, hayaikomeshi gesi hii kama R-12 ilivyokomeshwa. Yanapunguza jumla ya gesi za kundi la R-134a (HFC) kwa ngazi: nchi zilizoendelea zifike asilimia 85 chini ya kiwango chao cha msingi ifikapo 2036, nchi nyingi zinazoendelea zianze kusimamisha ongezeko 2024 na kufikia asilimia 80 chini ifikapo 2045. Kupunguza si kukomesha. Bei itapanda, feki zitaongezeka, lakini hakuna tarehe iliyotajwa ambayo AC yako itakuwa haramu. Kinachokatazwa waziwazi Ulaya ni kinyume chake: kuchukua gari lililoidhinishwa kwa gesi ya chini ya 150 na kulijaza R-134a kwa sababu ni rahisi.

Kwa gari ambalo bado lina R-12 yake ya asili na linatoa baridi, ushauri wangu ni kuliacha lilivyo. Likipungukiwa, tafuta tundu kwanza kwa rangi inayong'aa kwenye taa ya urujuanimno, ziba, ndipo uamue kujaza au kuhama. Kilo moja ya R-12 ikitoroka hunasa joto kama takriban tani 10 za kabonidioksidi, juu ya madhara yake kwa ozoni. Anayeijaza kwenye mfumo unaovuja anaimwaga.

Na ile inayovutwa kutoka kwenye gari linalohama iwe na mtungi wake, usiochangiwa na R-134a wala R-22. R-12 safi inaweza kusafishwa upya na kumsaidia mtu mwingine mwenye gari adimu. Iliyochanganywa haina mnunuzi, na mara nyingi njia pekee iliyobaki ni kuiteketeza kwenye tanuri la joto kali. Mtungi usijazwe zaidi ya asilimia 80, maana majimaji hutanuka yakipata joto, na juu yake iandikwe kilichomo, uzito, na siku kilipovutwa.